Mkono wa Shangazi na Kidole cha Bowen

Bega langu la kulia lilikaza miezi mitatu, hata mkanda wa gari ukanishinda kuuvuta. Mwenzangu kazini hapa Melbourne akanipeleka kwa mama mmoja anayetibu kwa njia ya Bowen. Mimi niliyelelewa na mikono ya shangazi kule Wete, Pemba, nilijiandaa kuminywa mpaka nilie. Yule mama aliweka kidole gumba kando ya uti wa mgongo, akausogeza msuli kidogo tu, kama anayegusa uzi wa udi, kisha akatoka chumbani. Dakika mbili nimelala peke yangu. Akarudi, akagusa kwingine, akatoka tena. Wanaotibu kwa njia hii wanaamini mwili unahitaji utulivu huo ili uupokee mguso.

Kwa shangazi mkono hauondoki. Kitambaa cha maji moto, mafuta ya nazi yenye karafuu, na maswali: umebeba nini, umelalia upande gani, nani kakuudhi? Akilipata fundo, haliachi mpaka lilegee. Wazazi wa mtaa mzima amewakanda yeye.

Ziara ya tatu mkono wangu ulipanda. Huenda ungepanda wenyewe. Mapitio ya serikali ya Australia hayakupata ushahidi wa kutosha juu ya tiba hii, na Aprili 2019 iliondolewa kwenye bima binafsi za afya.

Lakini kilichonikaa moyoni ni habari za Tom Bowen mwenyewe, aliyeianzisha. Alikuwa mtu wa Geelong, alifanya kazi kiwanda cha saruji, hakusomea udaktari. Mwaka 1975 uchunguzi wa serikali ya Victoria ulimkuta akihudumia wagonjwa wapatao 13,000 kwa mwaka. Alifariki 1982, na ujuzi wake pengine usingeenea mbali kama Oswald Rentsch asingekaa pembeni yake, akitazama na kuandika kila mguso. Kuanzia 1986 akaufundisha.

Shangazi hana wa kumwandika, na vidole vyake vimeanza kupinda. Nilimpigia.

“Shikamoo shangazi. Bega unaanzia wapi?”

“Marahaba mwanangu. Pale mshipa unaporuka.”

“Unarukia wapi?”

Akanyamaza kidogo. “Njoo nikushike, utajua.”

Tiketi ya Desemba nimekata. Nimemwomba mdogo wangu alale yeye mkekani, mimi nikae upande wa mikono ya shangazi, na daftari.