Lita Tisa Kutoka Masasi hadi Newala

Msafiri afikaye Masasi kwa mara ya kwanza hupokewa na mawe. Milima ya mawe matupu imesimama huku na huko katika nchi tambarare, kama wazee waliofika mkutanoni kisha wakakataa kuketi, na mji umejipenyeza katikati yao. Chini ya mlima mmojawapo, saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, nilimkuta dereva aliyekuwa anipeleke Newala amepiga magoti kando ya gurudumu la nyuma, kipimo cha upepo mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja kwanza. Tairi likishapata joto halisemi kweli."

Gari lenyewe, ndugu msomaji, unalifahamu: ni Land Cruiser ndefu ya kubebea wagonjwa, yenye injini ya dizeli ya lita 4.2, silinda sita, isiyo na tabo. Injini hiyo ilianza kutolewa mwaka 1990, na katika wilaya zetu nyingi magari ya ukoo huo yameshika mahali palipokuwa pa Land Rover. Matangi yake mawili huweza kubeba hadi lita 180. Mtu wa mjini akisikia hivyo hudhani hapa pana utajiri. Tangi ni kubwa, naam. Kinachotiwa ndani yake ndicho kidogo. Mgao huja kwa mwezi, na ukiisha umeisha, wawe wagonjwa wamekwisha au hawajaisha.

Kabla ya kuondoka mzee alipanda juu ya keria akateremsha vitu vyote: mapipa mawili matupu ya maji, kitanda cha chuma kilichokatika mguu, na gurudumu la akiba la pili ambalo, kwa maelezo yake, halikuwa la gari hili wala la gari lingine alijualo. Jamaa mmoja alikuja na magunia manne akiomba yapelekwe kwa shemeji yake. Alikataliwa kwa upole mwingi, akaondoka amenuna.

"Keria haili ugali," mzee aliniambia, "lakini mafuta inakula."

Maneno yake yana hesabu ndani yake. Gari la namna hii lina umbo la sanduku, na upepo unaolizuia huongezeka kwa kasi kuliko mwendo wenyewe. Ukitoka kilometa 80 kwa saa ukafika 100, kizuizi cha upepo hukua kwa zaidi ya nusu, ingawa wewe umeongeza mwendo kwa robo tu. Ukiweka mapipa juu ya paa, umejenga ukuta mwingine wa kuusukuma. Kwa hiyo tulipotoka mjini mzee alishika kilometa 65 hadi 70, akabaki hapo. Pikipiki zilitupita. Basi dogo lilitupita kwa honi ndefu ya dharau. Yeye alikuwa akitazama mbali, na kila alipoona mbuzi au shimo mbele aliinua mguu mapema, gari likapungua mwendo lenyewe pasipo breki. Kila mara ukanyagapo breki, alisema, unatupa mafuta uliyokwisha kuyalipia.

Kizazi cha wazazi wetu kiliyajua haya kwa lazima. Bei ya mafuta ya petroli duniani ilipopanda karibu mara nne kati ya mwisho wa 1973 na mwanzo wa 1974, nchi yetu ilijikuta ikitoa fedha za kigeni nyingi zaidi kwa mafuta yale yale. Ikafika miaka ambayo magari ya binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili alasiri, na watu wakaenda harusini kwa miguu. Siku hizi huko Dar es Salaam utayaona magari makubwa kama hili letu yakingoja kwenye foleni, mtu mmoja ndani, injini ikinguruma ili apate ubaridi. Injini ya ukubwa huu ikiachwa inguruma hivyo hunywa karibu lita moja kwa saa, na kilometa iliyokwenda ni sifuri. Sisemi hivi kwa wivu, labda kidogo.

Tulipofika penye mchanga, mzee alishuka. Katika magari ya mtindo wake magurudumu ya mbele yana vifungo vya kuzungushwa kwa mkono. Vikifunguliwa, mitambo ya mbele hulala, na vikifungwa, injini huweza kuvuta magurudumu yote manne. Alivifunga, akapita mchanga taratibu kwa gia ndogo, na mara ulipokwisha akashuka tena kuvifungua. Madereva wengi huviacha vimefungwa mwaka mzima kwa uvivu wa kuinama, na injini huzungusha vyuma vya mbele bure. Vumbi nalo lina sehemu yake. Chujio la hewa likijaa, injini hukosa pumzi, moshi hugeuka mweusi, na moshi mweusi ni dizeli isiyoungua. Mzee hulikung'uta kila jioni wakati wa kiangazi.

Kisha mbele yetu ukasimama ukingo wa nyanda za juu za Wamakonde.

Kule juu ardhi ni ya mchanga unaonyonya maji, na mito haipo. Karl Weule, Mjerumani aliyepita nchi hii kwa miguu mwaka 1906, alishangazwa na watu wanaoishi mahali ambapo maji yanafuatwa mabondeni. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950, ulikuja kuyasukuma maji yapande kutoka chini. Kila kitu katika nchi hii hupanda kwa gharama, maji na wagonjwa pia. Kuliinua gari la tani tatu mita 300 tu hutaka karibu lita nzima ya dizeli, mbali na ile ya kwenda mbele, na kila gunia linaloongezwa huongeza deni.

Mzee aliingiza gia ya pili mapema, kabla injini haijaanza kulalamika, akapanda kwa mwendo mmoja. Penye kona moja alinyamaza. Tulipokwisha kuipita alinisimulia.

Miaka mingi nyuma, akiwa na gari lingine mahali ambapo hakupataja, aliitwa usiku kumchukua mama aliyeshikwa na uchungu. Mchana ule gari lilikuwa limetumwa kubeba mizigo ya watu, keria imejaa, mwendo wa haraka, na hakuna aliyeandika kitu. Mshale wa mafuta ulionyesha robo. Lakini mshale husoma uongo gari likiwa mteremkoni, naye alikuwa ameegesha mteremkoni. Katika kona ile injini ilizima. Walingoja saa nne mpaka lori la korosho likapita na kuwagawia dizeli, na hata hapo gari halikuwaka mara moja, maana injini ya dizeli ikikauka huingiwa na hewa katika mabomba, na hewa ile lazima itolewe kwa pampu ya mkono. Alipiga pampu gizani, mikono ikitetemeka. Mama alipona. Mtoto hakuishi.

"Tangu siku ile siuamini mshale," alisema.

Badala yake ana daftari la shule, lenye jedwali la kuzidisha mgongoni. Hujaza tangi mpaka shingoni, penye pampu ile ile, gari likiwa sawasawa, husafiri, hujaza tena, huandika lita na kilometa. Alinionyesha kurasa mbili za gari hili hili, njia hii hii, kilometa zipatazo 140 kwenda na kurudi. Kwa mkono wake, lita 17. Kwa mkono wa kijana aliyemshikia zamu mwezi mmoja, mwenye haraka na keria iliyojaa, lita 24. Lita saba hizo zinatosha kumfuata mgonjwa aliye kilometa 29 na kumleta hospitali.

Nilimwuliza habari za madereva wanaotoa gia mteremkoni ili kubana mafuta. Alicheka. Gari likishuka ndani ya gia, mguu ukiwa nje ya mafuta, pampu hukata dizeli na magurudumu ndiyo huizungusha injini. Ukitoa gia, injini hulazimika kunywa ili isizime. Anayezima kabisa huyapotezea mabreki msaada wake. "Huyo habani mafuta. Anabana umri."

Newala tulifika saa tatu kasoro. Mji umeketi ukingoni kabisa. Penye Shimo la Mungu nchi inakatika ghafula, na macho huanguka mpaka bonde la Ruvuma na milima ya Msumbiji nyuma yake. Nilitaka kukaa. Mzee alikuwa amekwisha kwenda kwenye pampu. Ilisimama penye lita tisa, naye akaandika.

Alikuwa bado hajafunga daftari alipofika muuguzi akikimbia, akataja kijiji kilicho chini huko, upande wa mto.

"Kilometa ngapi?" mzee akauliza, huku akigeuza ukurasa.