Kabla ya Bembea, Moramu

Asiyeujua udongo wa Nyamasaria, hapa Kisumu, hawezi kuelewa kwa nini uwanja wetu wa michezo ulichelewa. Ni ule udongo mweusi wa uwanda wa Kano: mvua ya Machi ikianza, unafura na kung'ang'ania kiatu mpaka mguu utoke mtupu, jua la Januari likiwaka, unapasuka nyufa za kunasa mguu wa mtoto. Nilipoanza kufundisha nasari hapa, watoto walichezea barazani, wamebanana, dakika chache tu baada ya uji.

Miaka hiyo wazazi ndio waliotulipa mshahara. Katiba ya Kenya ya 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya chekechea, nazo zikaanza kazi 2013. Hata hivyo, uwanja haukuwa wa kwanza kwenye bajeti ya yeyote: kulikuwa na madarasa, vyoo, walimu. Sikatai. Lakini mtoto wa miaka 4 hujifunza kwa miguu na mikono kabla ya kalamu, na mwenye kumnyima mahali pa kukimbia amemnyima somo.

Zawadi yetu ya kwanza ilikuwa bembea ya chuma kutoka kwa msamaria mwema. Tuliishangilia. Masika yalipopita, nguzo zilikuwa zimeinama, tukawakataza watoto kuisogelea. Tukamwita fundi wa kuchomelea mwenye kibanda kando ya barabara kuu. Hakugusa chuma. Alichukua jembe, akachimba kando ya nguzo, akatuonyesha jinsi udongo ulivyoachana nayo pande zote. Ukilowa hutanuka, ukikauka hunywea, na nguzo haipati kutulia.

"Mwalimu," akaniambia, "hapa usiombe bembea. Omba moramu."

Kuomba moramu, ule udongo wa changarawe, ni kazi ngumu, kwa maana watu hupenda kutoa kitu kinachoonekana, na moramu ikishashindiliwa hakuna anayeiona. Kwangu mimi, hao walioitoa ndio wafadhili wakubwa kuliko wote. Wenye malori walitumwagia mizigo bure, chama cha akina mama wa sokoni kikachanga pesa ya dizeli. Vijana wa bodaboda waliegesha pikipiki, wakautoa udongo mweusi hadi shimo likafika magotini, wakajaza mawe, kisha moramu, na mchanga juu. Pembeni wakachimba mtaro wa kupeleka maji nje. Ndipo bembea ikasimikwa upya.

Mengine yalikuja haraka. Mafundi wa pancha walitupa matairi chakavu. Kanda hii ya ziwa ina malaria nyingi, na tairi lenye maji ni mazalio ya mbu, kwa hiyo kila moja lilitobolewa kabla ya kupakwa rangi, na mengine tukayafukia nusu na kuyajaza mchanga. Mzee mmoja mvuvi wa Dunga alileta kamba za mashua, akatufungia wavu wa kukwea. Kila fundo alilining'inia yeye mwenyewe kwa uzito wake wote, akalikaza tena, ndipo akahamia lingine.

Kulikuwa na dani, yaani bibi, aliyelalamika kwamba mjukuu wake ameletwa kusoma, si kucheza. Sikubishana naye. Nilimwomba akae kidogo chini ya mwembe. Mjukuu akawa anaruka tairi hadi tairi akihesabu kwa Dholuo: achiel, ariyo, adek, ang'wen, na akirudi, kwa Kiswahili: moja, mbili, tatu, nne. Dani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mchanga huu huletwa na nani ukipungua.

Swali lake lilikuwa zito, maana kila masika husomba mchanga mwingi. Tulilipeleka kwenye mkutano wa wazazi, na siku hizi kila anayeandikisha mtoto Januari huja na karai la mchanga. Mtaro husafishwa Februari, kabla mvua haijafika. Kinachosumbua sasa ni kivuli: mwembe mmoja hautoshi watoto wote saa tano ya jua, na miche ya mti wa siala tuliyopanda upande wa barabara bado inahitaji ua wa kuikinga na mbuzi.