Bagamoyo Tunakwenda na Watoto

Kwetu Kondoa, nilipokuwa mdogo, ziara ya Bagamoyo ilikuwa safari ya watu wazima. Baba na Mama wakianza kukunja mikeka na kukaanga vitafunio vya njiani, sisi watoto tulijua kwamba tunahamia kwa Bibi. Basi la kwenda Dodoma lilipita barabara ya vumbi, na masika lilikwama kwenye tope mpaka abiria wakalala porini. Dodoma walipanda treni ya Reli ya Kati hadi Dar es Salaam, na huko wakatafuta lori au basi la kuwafikisha Bagamoyo. Mama alikuwa akisema kwamba ziara inataka moyo mmoja, na mwenye mtoto mgongoni ana mioyo miwili. Walirudi na tende na halua, na kwa wiki nzima nyumba ilijaa habari za zikri ambayo sisi hatukuiona.

Waliyekwenda kumzuru ni Sheikh Yahya bin Abdallah, anayejulikana zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya, kiongozi wa tarika ya Kadiria aliyefariki mwaka 1931. Mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, aliendeleza kazi yake, na Bagamoyo ikabaki kituo kikuu cha tarika. Waumini wa bara na pwani wamekuwa wakikusanyika huko kwa maulidi, zikri na dua. Wapo ndugu zetu Waislamu wasioafiki ziara za makaburi. Sisi tunaokwenda tunajua mpaka wake: hija ni nguzo ya dini, na hakuna ziara inayoshika nafasi yake. Tunakwenda kumwombea aliyetangulia, kukumbuka mauti na kuonana na ndugu wa tarika.

Mambo yalianza kubadilika kwa lami. Mwaka 2018, mwaka ule ule Dodoma ilipotangazwa kuwa jiji, barabara kuu ya Dodoma hadi Babati inayopita Kondoa ilizinduliwa. Huko pwani nako lami ya Msata hadi Bagamoyo ilituondolea mzunguko wa Dar es Salaam: ukifika Chalinze unapinda kaskazini hadi Msata, kisha unashuka baharini. Wakati huo mimi na mume wangu tulikuwa tumeshahamia Dodoma kikazi, tumepata watoto, tumenunua Noah iliyotumika. Tangu 2024 ipo pia treni ya umeme, inayofika Dar es Salaam kwa saa chache tu. Lakini treni haimsubiri mtoto aliyebanwa na haja. Gari letu linasimama.

Na linasimama kweli. Nyuma ya viti kuna madumu ya maji ya udhu, poti ya mdogo, kanga kuukuu za kufutia matapishi, ndimu za kunusa, mayai ya kuchemsha na chapati zilizofungwa kwenye kitambaa. Tunaondoka baada ya Alfajiri, kabla jua la Dodoma halijachoma. Kibaigwa, penye soko kubwa la mahindi, watoto wanashuka kunyoosha miguu. Gairo kuna ubaridi, wanavaa masweta. Dumila wanagombania ndizi.

Mwanzoni mwa safari, katika kipande cha Ugogo, ndipo ninapowasimulia. Barabara yetu inafuata kwa mbali njia kuu ya misafara ya karne ya 19, iliyounganisha Ujiji, Tabora na Bagamoyo. Pembe za ndovu zilipita huku mabegani mwa wapagazi, na watumwa walipita wakiwa wamefungwa. Watemi wa Kigogo walitoza hongo kwa kila msafara uliotaka kupita na kuteka maji. Kati ya Ugogo na Mpwapwa ilikuwapo nyika ya Marenga Mkali, ambako misafara ilitembea ikihofia kiu. Sheikh Ramiya mwenyewe alizaliwa Manyema, Kongo, akachukuliwa utumwani akiwa mtoto, akaangukia katika nyumba ya Amir bin Sulaiman al-Lamki kule Bagamoyo. Hapo akasoma dini, mpaka yeye aliyeletwa kama mali akawa sheikh wa kushikwa mkono.

Mara ya kwanza niliposimulia hayo, binti yangu mkubwa aliacha kula. "Mama yake alikuwa wapi?" akauliza. Nilimjibu kwamba watoto wa utumwani walitenganishwa na mama zao. Alinyamaza kitambo, kisha akataka kujua kama alitembea kwa miguu mbali kote huko. Tangu hapo sijamsikia akiulizia bahari peke yake. Anauliza tutafika lini kwa Sheikh.

Adhuhuri hutukuta karibu na Chalinze. Dini imempunguzia msafiri: rakaa nne zinakuwa mbili, Adhuhuri na Alasiri zinasaliwa pamoja. Siku moja mume wangu aliposujudu kwenye mkeka, mdogo wetu alimpanda mgongoni, akamshika kanzu shingoni kama mpanda punda. Baba mtu akakaa kwenye sijida, hakuinuka. Niliponyoosha mkono kumwondoa mtoto, Mama yangu, ambaye siku hizi husafiri nasi na alikuwa kwenye kigoda kwa sababu ya magoti, akanizuia. "Mwache. Mtume alisali na Umama begani." Hadithi hiyo ya mjukuu wa Mtume, swalallahu alayhi wasalam, imepokewa na Bukhari na Muslim. Na ipo nyingine: mwanamke alimwinulia Mtume mtoto njiani, akamuuliza kama huyu naye ana hija. Akajibiwa kwamba anayo, na mama ana thawabu zake.

Sikumkumbusha Mama maneno yake ya zamani kuhusu mioyo miwili. Wakati ule alisema kweli, kwa sababu barabara ilikuwa inaua mtoto kwa homa na vumbi. Kilichokuwa kikimzuia kimeondoka, naye mwenyewe ndiye anayepanga siku hizi nani akae kiti kipi.

Bagamoyo tunaingia jioni, bonde la Ruvu likiwa nyuma yetu. Usiku wanaume wanasimama kwa zikri, mkono kwa mkono, wakipumua kwa mpigo mmoja, na bendera za zawia zimeegeshwa ukutani. Upande wetu wanawake tunaitikia, watoto wamelala mapajani au wanazunguka na sahani za pilau. Binti yangu anakesha hadi macho yanamwasha.

Wazazi wenzangu wa Dodoma wananiuliza kama wasubiri watoto wakue. Ninawaambia wasisubiri. Walale Morogoro wakichoka, watumie rukhsa ya msafiri bila haya, wasishindane na saa, na wawaambie watoto wanakwenda kwa nani na alifikaje huko. Tuliyemfuata alifika pwani akiwa mtoto, bila hiari wala mzazi. Watoto wetu wanafika kwa hiari, mkononi mwa mama na bibi, na haki yao ni kulijua hilo tangu wakiwa wadogo.