Mtoto Akisema "Siwezi", Mpe Gemu Nzuri

Kama kwenu kuna mtoto wa miaka kati ya mitano na kumi na miwili, basi unajua simu yako si yako. Hata viatu hujavua, ushaulizwa, "Simu iko na chaji ngapi?" Wazazi nao wana wimbo wao: gemu zinaharibu watoto, wacheni simu, shikeni vitabu.

Leo nataka kuwatetea hawa watoi kidogo. Si gemu zote, na si saa zote. Lakini gemu nzuri inafundisha kitu ambacho nyumba nyingi na madarasa mengi hapa kwetu hayajui kufundisha: kushindwa bila kuvunjika.

Mdogo wangu ana miaka minane. Mpe hesabu ya kugawanya uone. Anaandika jibu, anafuta, anaandika, anafuta, mpaka karatasi inatoboka. Ukimuuliza shida ni nini anakwambia, "Mimi siwezi hesabu." Na si ati hajui. Anaogopa kukosea. Kuna siku alama zao zilisomwa kwa sauti mbele ya darasa lote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na tangu siku hiyo penseli yake imekuwa na uoga. KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023, lakini lile swali lake bado linazunguka mtaani: "Umekuwa namba ngapi?"

Sasa mpe huyo huyo Subway Surfers. Hii gemu imekuwako tangu 2012, na kama umeicheza unajua haina mwisho. Hakuna mahali pa kufika, hakuna kombe. Unakimbia kwenye reli, mkaguzi na mbwa wake wako nyuma, na kila raundi lazima iishe kwa kugonga kitu au kushikwa. Kila raundi! Jioni moja nilikaa nikimhesabia. Alianguka mara 23. Hakulia, hakununa, hakusema "siwezi". Alisema tu, "Ngoja, sasa nimejua hiyo treni inatokea wapi."

Manze, ni mtoto yule yule. Kimebadilika nini?

Kwanza, kosa limekuwa bei rahisi. Ukianguka unaanza upya, hakuna anayekuita mjinga. Pili, jibu linakuja papo hapo. Daftari la hesabu linarudi baada ya siku tatu, mtoto ashasahau hata alikuwa anafikiria nini. Kwa gemu anaona kosa lake likiwa bado moto. Tatu, anashindana na jana yake, si na mtoto wa jirani.

Na kuna wataalamu wameliangalia jambo hili. Mwaka wa 1998, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha utafiti kuhusu jinsi tunavyowasifu watoto. Watoto walifanya maswali wakapita. Wengine wakaambiwa ni werevu, wengine wakaambiwa wamejitahidi. Baadaye walipopewa maswali magumu wakafeli, wale walioambiwa ni werevu ndio waliokata tamaa haraka, na hata alama zao zikashuka. Ina maana kwamba mtoto akishaambiwa yeye ni kichwa, kila kosa linatishia kumnyang'anya hilo jina. Aliyesifiwa bidii hana cha kunyang'anywa.

Dweck baadaye akaanza kuhimiza watu waongeze neno "bado" wanaposema hawawezi kitu. Mimi nikacheka niliposikia hivyo, kwa sababu Kiswahili kilishaweka hilo neno ndani ya kitenzi. "Siwezi" imefunga mlango. "Sijaweza" imeuacha wazi. Herufi mbili tu, j na a, lakini ndani yake kuna kesho. Na gemu nzuri ni hiyo "ja" ikiwa kwenye kioo.

Lakini kukimbia tu hakutoshi. Siku hizi mdogo wangu nimempeleka kwa Scratch, programu ya bure iliyotolewa 2007 na watu wa MIT kule Marekani. Unapanga vipande vya maagizo kama matofali, unatengeneza gemu yako mwenyewe. Kiswahili pia kimo kwenye orodha ya lugha zake. Siku ya kwanza alitaka paka aruke ukuta. Paka akaruka, akatoka nje ya kioo, akapotea kabisa. Tukacheka mpaka mathe akaja kuuliza kuna nini. Halafu nikamuuliza swali moja tu: "Sasa utabadilisha nini?" Akapunguza namba, paka akarudi. Akapunguza tena, paka akatua vizuri. Jioni akamfundisha babangu, mtu ambaye ukimpa simu anaishika kama yai. Ungemwona huyo mtoto akisema, "Hapana baba, si hapo, jaribu tena." Sauti ile ilikuwa ya mtu anayejiamini.

Sitakudanganya ati sasa anapenda hesabu. Bado anazichukia. Ila wiki jana alikosea, na hakufuta. Alipiga mstari mmoja juu ya jibu, akaandika lingine chini yake, akaendelea. Kwangu huo mstari ni ushindi mkubwa kuliko alama 100.

Sasa hapa ndipo tuwe makini, kwa sababu si kila "jaribu tena" inajenga mtu. Kuna kamari zimevaa nguo za gemu: rangi nzuri, kindege kinapaa, sarafu zinalia. Nazo zinakwambia hivyo hivyo, jaribu tena. Tofauti ni kwamba kwenye gemu nzuri, mara ya kumi mkono wako umejifunza kitu. Kwenye kamari, mara ya kumi ni sawa na ya kwanza. Mashine haijali umejifunza nini. Unavumilia, ndio, lakini unajenga mfuko wa mtu mwingine. Rika langu tunajua karo za muhula mzima zilizoishia hapo. Ubelgiji mwaka wa 2018 iliamua kwamba yale masanduku ya bahati yanayouzwa kwa pesa ndani ya gemu ni kamari kwa sheria yao, hata kama gemu yenyewe ni ya mpira. Sisi tusingoje serikali ituambie. Kabla hujampa mtoto gemu, uliza: akishindwa, anajifunza au anaombwa pesa? Kama ni pesa, futa.

Kuna mengine mawili. Shirika la Afya Duniani lilisema 2019 kwamba watoto wa miaka miwili hadi minne wasizidi saa moja kwa siku mbele ya kioo, na ikipungua ni bora. Kwa hivyo simu isigeuke yaya. Na huyu mkubwa wa miaka minane bado anahitaji bano, kati na brikicho, kwa sababu huko nje ndiko utajifunza kushindwa mbele ya watu wanaokucheka, halafu ukarudi kucheza nao kesho. Gemu ya simu ni mahali pa mazoezi. Mechi yenyewe iko nje.

Sisi vijana ndio tuna nafasi hapa, kuliko hata wazazi. Simu ni zetu, bando ni letu, na hawa watoto wanatuangalia sisi. Keti naye dakika kumi na tano. Mwache akufundishe, na ukubali kuanguka mbele yake. Usimwambie "we ni genius". Mwambie, "Nimeona umebadilisha mbinu." Na siku akija na daftari limetoboka, aseme "siwezi", usimgombeze na usimfanyie hiyo hesabu. Mrekebishe sarufi tu.

Mwambie: sema "sijaweza".