Pole Pole, Barabara ya Iten

Simama kando ya barabara ya Iten pale Kimumu, saa kumi na mbili asubuhi. Utaona watu waliokonda kama fito wakikimbia utadhani wanamsindikiza mgeni steji. Wanapiga stori. Mmoja anacheka. Mzee wa maziwa anawapita na baiskeli yake, mitungi ikigongana. Mgeni huuliza: ati hawa ndio wale wa kwenye TV? Ndio hao. Siku ya mashindano kuna wanaokata kilomita kwa dakika 3, moja baada ya nyingine. Leo wanatumia 5, wengine 6, na hakuna anayeona haya.

Mimi nilitoka Bungoma nikaja hapa Januari mwaka jana. Keja yetu ni chumba kimoja cha mabati, 3,000 kwa mwezi, tunagawana na msichana wa Nandi ambaye namwita dada kwa sababu amenizidi miaka minne na jiko ni lake. Kocha alinipa kazi moja tu kwa miezi sita: kimbia, lakini uweze kuongea. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Asubuhi kilomita 14, jioni 8, mara moja kwa wiki mbio ndefu, Jumapili kanisa na usingizi. Uwanjani nisikanyage.

Shida ya kazi hii ni kwamba haionekani. Chumba cha kushoto cha moyo kinapanuka polepole, kila pigo linasukuma damu nyingi kuliko jana. Ndani ya misuli mishipa midogo, myembamba kuliko unywele, inaongezeka. Mitokondria, yale majiko ya seli yanayochoma chakula kwa oksijeni, yanazidi kuwa mengi. Mwili unazoea kutumia mafuta na kuweka akiba ya sukari. Yote haya yanataka masaa mengi barabarani, na huwezi kuyapata masaa hayo ukikimbia kama umeibiwa kila siku; utavunjika kwanza. Januari nilikuwa nahesabu pigo la moyo kabla sijatoka kitandani: 61 kwa dakika. Septemba, 48. Kwa sasa medali yangu ni hiyo.

Tena si siri ya damu ya Wakalenjin, vile watu hupenda kusema. Arthur Lydiard wa New Zealand aliwakimbiza vijana wake kilomita 160 kwa wiki, hata Peter Snell ambaye mbio zake zilikuwa mita 800. Tarehe 2 Septemba 1960, kule Roma, Snell alichukua dhahabu ya Olimpiki, na siku hiyo hiyo mwenzake Murray Halberg akachukua ya mita 5,000. Na wetu? Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, ana miaka 18. Marathoni yake ya kwanza, Hamburg, ilikuwa 2013. Ile 1:59:40 ya Vienna ilikuja 2019.

Miaka kumi kutoka Paris hadi Hamburg. Nimepiga hesabu: hiyo ni kodi 120.

Hapo ndipo sindano inapoingia. Nikisoma mitandaoni naona wanariadha wetu wanaodanganya wakiitwa walafi. Wengine labda. Lakini wengi ninaowaona ni watu wa hesabu. Hewa ya hapa, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, huambia figo zitoe EPO, nayo huambia uboho wa mifupa utengeneze seli nyekundu za damu. Inachukua muda, na kuna mpaka. Ya kudungwa haina subira. Jamaa wa ploti ya pili alinieleza vizuri sana, kama anauza simu: "Si ni kitu ile ile milima inakupea? Wewe unaharakisha tu." Dada aligeuza chapati bila kumwangalia, akasema, "Na damu ikiwa nzito kama uji, moyo utaisukuma na nini?" Jamaa akacheka. Chapati alikula, lakini.

Jemima Sumgong alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda marathoni ya Olimpiki, Rio 2016. Mwaka uliofuata alipatikana na EPO. Alifungiwa miaka minne, baadaye ikawa minane. Sisemi hivi kumcheka. Nasema kwa sababu yeye alikuwa tayari ameshinda, na mimi ninaongea na jamaa wa ploti nikiwa sijashinda hata sufuria.

Sijadungwa. Sababu yangu haina utakatifu wowote: huu moyo wa 48 niliujenga mwenyewe, na nataka kuona unafika wapi kabla mtu mwingine hajauwekea mkono. Mwezi uliopita kocha aliniruhusu Jumanne uwanjani, mizunguko sita ya mita 1,000. Nilimaliza ya sita nikiwa bado na maneno.

Mama hupiga Jumapili jioni.

"Wamekulipa?"

"Bado, mama."

"Na bado unakimbia pole pole?"

"Bado."

Akanyamaza kidogo. Nikasikia kuku nyuma yake.

"Haya. Nimetuma mahindi na matatu ya kesho. Uwahi kuchukua, huyo dereva hangoji mtu."