CC Ngapi, Kilo Ngapi

Mdogo wangu ameuza boti ya dagaa tuliyoachiwa na baba, mashine na nyavu zake, na sasa anataka gari "yenye moto". Mashine ile ilikuwa ya farasi 15 tu, na ndiyo iliyotusomesha wote wawili. Wiki nzima tunabishana, gereji Pasiansi, nyumbani Kirumba, hadi kwenye simu usiku. Anachagua kati ya Subaru Impreza WRX STI na Toyota Mark II yenye injini ya 1JZ. Mimi mtu wa riwaya nimejikuta nasoma vipimo vya injini kwa jicho lilelile, nikitafuta kisichosemwa.

Kisichosemwa ni uzito. Gereji wanauliza CC tu: Mark II ni 2,500, Subaru ni 2,000, mjadala umefungwa. Lakini matoleo ya mwisho wa miaka ya 1990 ya gari zote mbili yameandikwa nguvu farasi 280, kwa kuwa viwanda vya Japani vilikubaliana visitangaze zaidi ya hapo. Subaru ina kama kilo 1,250 hivi, Mark II inapita 1,400. Farasi wa Subaru wamebeba mzigo mdogo. Ila injini ndogo kutoa nguvu zilezile maana yake turbo inaibana zaidi, joto ni jingi, na bloku yake ni alumini. 1JZ ni bloku ya chuma, silinda 6 kwenye mstari mmoja. "Hiyo ni punda," anasema fundi, "unaipiga inakuangalia tu."

Dogo akaniuliza, "Kwa hiyo kaka, ndogo haidumu?"

Nikamsimulia Safari Rally ya 1993. Mkenya Patrick Njiru aliingia na Subaru Vivio, kigari cha CC 660, karibu kilo 700, cha kwendea sokoni huko Japani. Alimaliza wa 12, akashinda daraja lake. Colin McRae, naye kwenye Vivio, hakufika mwisho. Nafasi 4 za kwanza zilikwenda kwa Toyota Celica, lita 2 na turbo. Dogo akadaka hilo la mwisho, macho yanamng'aa. Mimi nimeng'ang'ania yule wa 12. Chepesi kikiangukia shimoni hakijiumizi sana, shokapu na tairi zinapumua. Lakini Vivio mbili, matokeo mawili, basi uimara mwingine umo mguuni mwa dereva. Na mguu wa mdogo wangu naujua, ole wake pedeli.

Jumamosi anakwenda Buswelu kuangalia Subaru moja. Nimemwambia aiguse boneti kwanza. Akiikuta ya moto, wameshaiwasha kabla yake, asubiri ipoe ndipo aipige stata mwenyewe, asikilize.

Hela bado ziko kwangu.