Superman, Madenge na Krismasi ya Moshi

Naandika kutoka Buffalo, ambako theluji haijui likizo. Mhariri kaniomba niandike jambo lolote la Krismasi, ila kanipa sharti kwamba nisilete tena habari za madaraja. Haya basi, leo nawaletea vitabu vya katuni.

Sisi tuliokulia Kilimanjaro tunajua kwamba Krismasi ni msafara. Desemba ikifika Wachaga wa Dar wanapanda, mabasi yanajaa, nauli inapaa, na hakuna anayekubali kufika nyumbani mikono mitupu. Mzee wetu alikuwa akifanya kazi Dar. Kwenye mzigo wake, katikati ya mchele na mafuta ya kupikia, kulikuwa na vitu viwili vya kwetu mimi na dada: matoleo ya Sani, na kitabu kikubwa cha jalada gumu alichokinunua kwa wale wauza vitabu wa chini, pale Posta.

Kitabu hicho ndicho Waingereza wanakiita anyuali. Kwao hutoka kabla ya Krismasi ili mtoto apewe zawadi, na kwenye jalada huandikwa mwaka unaofuata, ati kisionekane kimezeeka ikifika Januari. Vya kwetu vilikuwa vimechelewa kidogo tu, kama miaka ishirini. Superman na Batman wa miaka ya themanini! Hadithi zenyewe za Kimarekani, zimechapwa upya Uingereza, bei kwa pauni. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na nafasi ya mwenye kitabu kuandika jina lake, na mtoto fulani wa Kiingereza alishaandika la kwake. Mbaya zaidi, alishajaza mafumbo yote kwa kalamu. Dada alikuwa akimlaumu kila mwaka: "Huyu hakutuachia hata moja!"

Shule yetu ilikuwa ya Kiswahili, kwa hiyo Superman tulimsoma kwa kukisia. Picha inakuambia jamaa ana hasira, basi neno lile lazima ni tusi. Nusu ya Kiingereza changu kimetokea humo, na wasimamizi wangu wa utafiti nadhani wameshagundua. Lakini jamani, kwa kufurahi, Sani lilikuwa mbele. Ndumilakuwili, Kipepe, Lodi Lofa, Madenge mtoto mtundu, hao walikuwa watu wa mtaani kwetu. Superman aliokoa mji nisioujua. Madenge alichapwa kama tulivyochapwa sisi.

(Kwa faida ya Wanaijeria wa jumuiya yetu: mwaka 1975 Waingereza Brian Bolland na Dave Gibbons, wakiwa bado vijana, walichora shujaa mweusi aitwaye Powerman kwa ajili ya soko la Nigeria. Baadaye Bolland akavuma kwa Judge Dredd, na Gibbons kwa Watchmen. Kumbe walijifunzia kazi kwenu.)

Niliposoma shahada ya pili Columbus, pale Ohio State, niligundua kwamba chuo kina maktaba na makumbusho ya katuni, Billy Ireland, yenye mkusanyiko mkubwa kuliko wowote duniani. Kuingia ni bure. Humo nilisoma habari za Bill Blackbeard wa California. Maktaba za Marekani zilipoanza kupiga picha magazeti yao kwenye filamu ndogo, zilitupa karatasi zenyewe. Huyu bwana akaenda akaziomba, akazijaza nyumbani kwake miaka na miaka, akikata katuni moja moja. Ohio State ilipouchukua mkusanyiko wake, mwishoni mwa miaka ya tisini, yalihitajika malori sita. Tani 75 za karatasi! Mhandisi akisikia tani 75 anawaza kwanza sakafu, lakini siku ile mimi niliwaza Sani.

Nikampigia mama, zile Sani ziko wapi? Akacheka sana. Nyingine zilifungia karanga, nyingine ziliwashia jiko. Nani atamlaumu? Gazeti la kwetu lina maisha matatu, na kusomwa ni la kwanza tu. Ila Blackbeard wetu ni nani, mimi bado namtafuta. Kama kwenu kuna hata nakala tano chini ya kitanda, niambieni.

Sasa sikieni kwa nini jambo hili linaniuma. Dada yangu anaishi Louisville, mji aliozaliwa Muhammad Ali, ambaye kwenye kitabu cha mwaka 1978 alimtwanga Superman ulingoni, baada ya Superman kunyang'anywa nguvu zake kwanza, tuseme ukweli. Mpwa wangu anakijua kisa hicho chote, kwa Kiingereza. Kiswahili alikuwa akisikia, lakini hajibu. Mama akipiga simu kutoka Moshi, mtoto anasema "hi" halafu anampa dada simu. Mama halalamiki. Anauliza tu, "Amekula?" na kimya kinafuata.

Krismasi ya 2022 nilikuwa niteremke Louisville. Mnakumbuka kilichotokea: tufani ya theluji, uwanja wa ndege umefungwa, magari marufuku barabarani, na katika kaunti yetu ya Erie watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Nilikaa ndani siku nne na karatasi za hesabu, zile zenye miraba. Nikachora kurasa nane. Shujaa wangu ni bibi wa Moshi anayeruka angani na mkungu wa ndizi kichwani, anakwenda Louisville kumpikia mjukuu wake, na maofisa wa uwanja wa ndege wanamzuia. Bibi anasema Kiswahili tupu. Anayetaka kujua aliwajibu nini maofisa, asome.

Nikapiga picha kurasa zote, nikatuma. Kesho yake simu ikalia.

"Anko, mtori ni nini?"

Nikamwambia mimi ni mhandisi, mambo ya mtori amuulize mwenyewe bibi. Dada anasema waliongea dakika kumi na moja, nusu kwa kukisia.

Tangu hapo kila Desemba nina deni la kurasa nane. Mwaka huu nateremka kwa gari, Cleveland, halafu I-71 moja kwa moja mpaka Louisville, na bado sijamaliza kuchora. Mama ametuma ujumbe kwamba kwenye sehemu iliyopita nimemchora mnene mno.